Kitanda na Kazi Vitenganishwe: Barua ya Wazi Kuhusu Wafanyakazi wa Ndani Wanaolala kwa Waajiri

Kwa mawaziri wenye dhamana ya kazi na uhamiaji, kwa wabunge wanaotunga sheria za ajira, na kwa wakuu wa mashirika ya uwakala yanayopeleka vijana kulea watoto katika nyumba za watu.

YAH: HALI YA KAZI YA VIJANA WA AU PAIR NA YA WAFANYAKAZI WA NDANI WANAOLALA KWA WAAJIRI WAO

Waheshimiwa,

Nimeishi katika nyumba za waajiri wangu kwa miaka sita, miwili nikiwa chini ya mpango wa au pair, yaani kijana wa kigeni anayeishi na familia na kulea watoto wake kwa malazi, chakula na posho, na minne nikiwa yaya wa kulala hapohapo. Katika miaka hiyo, na hata baada ya kuacha kazi hiyo, nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko mengine yote, na maofisa, na mawakala, na wakati mwingine ndugu zangu mwenyewe: ikiwa mambo yalikuwa mabaya kiasi hicho, mbona hukulalamika? Anayeuliza hivyo ni mtu ambaye hata akikorofishana na mkuu wake wa kazi saa mbili usiku, saa tatu atakuwa amejilaza kitandani kwake. Mimi nilikuwa nikikorofishana na mwenye kitanda.

Naomba niwaeleze usiku mmoja tu. Siku yangu ya mapumziko ilikuwa imeahirishwa wiki tatu mfululizo, kila mara kwa sababu iliyoonekana ya haki, na wiki ya nne niliamua kuuliza. Nilingoja watoto walale, nikazungumza na mama mwenye nyumba kwa adabu yote niliyolelewa nayo. Haikupita saa moja nikaambiwa kwamba makubaliano yetu yamekwisha na kwamba nifungashe. Namba ya dharura niliyopewa na wakala iliita mpaka ikakatika. Nililala kituo cha mabasi, nimekaa, sanduku likiwa katikati ya miguu, na usiku kucha nilikuwa nikimfikiria yule mtoto mdogo ambaye angeamka saa kumi na mbili asubuhi na kuniita kwa jina kama alivyozoea. Kulipokucha ndipo nilipokumbuka jambo jingine: kibali changu cha kuishi kilikuwa na jina la familia ile, na tangu usiku ule hata haki yangu ya kukanyaga ardhi ile ilikuwa inahesabiwa kwa siku.

Kwa tendo moja nilipoteza mshahara, nyumba na kibali. Ninachotaka kuwaambia katika barua hii ni kwamba haki nyingine zote mlizotuandikia, na zipo nyingi, hazitatumika maadamu vitu hivyo vitatu vimefungwa kwa kamba moja na mwisho wa kamba hiyo uko mkononi mwa mtu mmoja.

Nianze na jina tunaloitwa, kwa sababu ndilo linalotumika kutunyima mengine. Au pair ni maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kwa usawa". Mkataba wa Ulaya uliotiwa saini Strasbourg tarehe 24 Novemba 1969 uliwaeleza vijana hawa kuwa si wanafunzi na si wafanyakazi, bali ni kundi la pekee lenye sura ya pande zote mbili. Siwalaumu walioandika hivyo. Mkataba huohuo uliweka kikomo cha saa 5 za kazi kwa siku, ukataka kijana apate siku nzima ya kupumzika kila wiki, ukataka angalau moja ya siku hizo kwa mwezi iwe Jumapili, na ukasisitiza kwamba makubaliano yaandikwe. Ila mtu aliyewekwa nje ya makundi yote mawili hana mlango wa kubisha. Akienda ofisi ya kazi anaambiwa yeye si mfanyakazi, na ofisi ya elimu haina habari naye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe tukiwa bado mlangoni, halafu kila tulipouliza ujira wa kulima tukakumbushwa kwamba sisi ni wageni.

"Wewe ni mmoja wa familia." Sentensi hiyo nimeambiwa katika kila nyumba, na katika nyumba mbili niliambiwa na watu walioimaanisha kweli. Ubaya wake ni pale inapoingia katika sheria. Uingereza ilikuwa na kanuni iliyomruhusu mwajiri kutolipa kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi anayeishi naye na kutendewa kama mwanafamilia, na kanuni hiyo ilidumu miaka mingi mpaka ikafutwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2024. Mwanafamilia halisi anaweza kuugua bila kuomba ruhusa, kugoma kuosha vyombo, kununa mezani, kuleta rafiki sebuleni, na bado kesho yake akaamka katika chumba kilekile. Sijawahi kukutana na mfanyakazi wa ndani anayeweza kufanya hata moja kati ya hayo bila kupiga hesabu kwanza.

Marekani, ambako mpango wa au pair ulianza mwaka 1986, inaruhusu saa 45 kwa wiki na hadi saa 10 kwa siku. Tazameni jinsi posho ya chini inavyokokotolewa huko: kima cha chini cha taifa cha dola 7.25 kwa saa kinazidishwa kwa saa 45, kisha asilimia 40 inaondolewa kwa ajili ya malazi na chakula, na zinabaki dola 195.75 kwa wiki, yaani dola 4.35 kwa kila saa ya kumshika mtoto wa mtu. Kanuni hizohizo zinamlazimu kijana aishi na familia. Kwa hiyo anakatwa gharama ya chumba ambacho hana ruhusa ya kukikataa. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 201 la mwaka 2011, linasema kinyume kabisa: mfanyakazi anayetakiwa kuishi katika malazi ya mwajiri asikatwe chochote kwa ajili ya malazi hayo, isipokuwa yeye mwenyewe awe amekubali. Na huko huko Marekani, sheria ya shirikisho iliyowaingiza wafanyakazi wa ndani katika ulinzi wa mshahara mwaka 1974 iliwaacha wanaolala kwa waajiri bila malipo ya saa za ziada, kana kwamba mtu akishalala mahali uchovu wake unapungua. Mabadiliko yameanza kuletwa na mahakama: mwishoni mwa mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliamua kwamba sheria za mshahara za jimbo la Massachusetts zinawahusu pia vijana wa au pair.

Kuhusu saa za kazi ningependa kusema kwa urefu kidogo, kwa maana hapo ndipo watu wema na watu wabaya hufanana. Mkataba wangu wa kwanza ulisema saa 30 kwa wiki, na sidhani kama mama yule aliwahi kuona kwamba ameuvunja. Kwake kazi ilikuwa ile aliyoniagiza: kuwapeleka watoto shule, kufua, kupika, kuwaogesha. Haikuwa kazi, kwa hesabu yake, kifaa cha kusikilizia mtoto kuwekwa kando ya mto wangu, kwa kuwa usiku mwingi mtoto hakuamka. Haikuwa kazi kubaki nyumbani Jumamosi jioni "maadamu huna pa kwenda". Haikuwa kazi kuitwa kwa dakika tano katikati ya chakula, mara nne. Anayesubiri kuitwa hawezi kusoma kitabu kwa utulivu wala kulala usingizi mzito, na hawezi kutoka. Muda wake umeshanunuliwa, ila haujalipiwa. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2011, unagusa jambo hili katika kifungu cha 10: muda ambao mfanyakazi hayuko huru kuutumia atakavyo, kwa kuwa anatakiwa awe tayari kuitwa, uhesabiwe kuwa saa za kazi kwa kiwango kitakachowekwa na sheria za nchi. Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani ilionyesha tarehe 24 Juni 2021 namna jambo hilo linavyoweza kuamuliwa. Mlezi kutoka Bulgaria aliyekuwa akimtunza mzee nyumbani kwake, mkataba wake ukisema saa 30 kwa wiki, alidai kwamba alitakiwa awe tayari usiku na mchana, na mahakama ikakubali kwamba kima cha chini cha mshahara kinadaiwa pia kwa saa za kusubiri.

Hukumu kama hiyo ni faraja, lakini iliombwa na mtu aliyekwisha kuondoka katika nyumba ile. Nani kati yetu angefungua kesi asubuhi na kurudi jioni kula katika meza ya mshtakiwa? Ndiyo maana narudi kwenye kitanda na kibali.

Huko Hong Kong, mfanyakazi wa ndani kutoka nje ambaye mkataba wake umevunjika hutakiwa kuondoka ndani ya wiki mbili. Utaratibu huo ulianza mwaka 1987, na tangu 2003 analazimika pia kuishi nyumbani kwa mwajiri. Sheria ya hukohuko inampa saa 24 za mapumziko kila wiki, jambo ambalo nchi nyingi hazina. Lakini haki ya Jumapili iliyo mikononi mwa mtu anayeogopa wiki mbili ina uzito gani? Uingereza iliwaruhusu wafanyakazi wa ndani walioingia na waajiri wao kubadilisha mwajiri tangu mwaka 1998, ikawanyang'anya ruhusa hiyo Aprili 2012, kisha mwaka 2016 ikairudisha nusu, yaani mtu anaweza kuhama lakini ndani ya miezi 6 ileile ya viza yake. Mtu anayetaka kumwajiri yaya ataanzaje kumchukua aliyebakiwa na wiki saba? Kwa upande mwingine, Kanada iliondoa mwishoni mwa mwaka 2014 sharti la walezi wa kigeni kulala kwa waajiri, na kwa kufanya hivyo ilikubali jambo ambalo sisi tulilijua zamani, kwamba kulea mtoto ni kazi na kulala kwa wazazi wake ni jambo jingine. Qatar nayo iliondoa mwaka 2020 sharti la kupata kibali cha mwajiri wa zamani kabla ya kuhamia kazi nyingine, na wafanyakazi wa ndani walihesabiwa humo. Najua kwamba sheria kwenye karatasi na sheria jikoni ni vitu viwili, ila bila ile ya karatasini hakuna hata cha kudai.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Afrika Kusini. Sheria ya masharti ya msingi ya ajira ya mwaka 1997 inasema kwamba mwajiri anayempa mfanyakazi malazi, akiuvunja mkataba kabla ya muda wa notisi kutimia au akiamua kulipa fedha badala ya notisi, lazima aendelee kumpa malazi kwa mwezi mmoja, au zaidi ikiwa mkataba ungeweza kuvunjwa kihalali baadaye kuliko hapo. Mwezi mmoja! Nilipokisoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza nilikisoma mara tatu, nikakumbuka sanduku langu katika kituo cha mabasi. Aliyekiandika alielewa kwamba kwa mtu wa aina yangu kufukuzwa kazi na kutupwa nje ni tendo moja, na kwamba ni wajibu wa sheria kulikata katikati.

Mtaniambia kwamba nyumba ya mtu ni faragha yake na serikali haiwezi kuingia sebuleni. Hoja hiyo naiheshimu, maana faragha ndicho kitu nilichokikosa zaidi ya fedha. Nimelala katika chumba cha kupigia pasi na katika chumba cha mtoto, na mara moja katika korido iliyofungwa pazia. Lakini nyumba iliyoajiri mtu ni mahali pa kazi pia, na mahali pa kazi hukaguliwa. Uruguay, iliyokuwa nchi ya kwanza kuridhia Mkataba Na. 189 mwaka 2012, ilikwisha kupata njia katika sheria yake ya mwaka 2006: wakaguzi wa kazi wanaweza kuingia nyumbani kwa amri ya mahakama pale inapodhaniwa kwamba sheria inavunjwa. Jaji anapima, faragha inalindwa, na mlango haubaki umefungwa milele.

Wapo wenzetu wenye uchungu kuhusu jambo hili wanaoona dawa ni kuifuta mipango hii yote. Ufilipino iliwazuia raia wake kwenda Ulaya kama au pair mwaka 1998, na zuio likaondolewa mwaka 2012. Norwei ilifunga mpango wake kwa vijana wanaotoka nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya mwaka 2024. Sioni kwamba waliofanya hivyo walikosa sababu, kwani walikuwa wakiona vijana wanaoitwa wageni wa utamaduni wakisugua sakafu mchana kutwa. Hata hivyo siwezi kuwaunga mkono. Watoto bado watazaliwa, wazazi bado watatoka asubuhi na kurudi wamechoka, na pale ambapo huduma ya kulea watoto ni haba au ni ghali kupita kiasi, mtu atatafutwa. Asipokuja na kibali atakuja bila kibali, na huyo hata barua kama hii hataweza kuiandika. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba wafanyakazi wa ndani ulimwenguni ni zaidi ya milioni 75, watatu kati ya kila wanne wakiwa wanawake, na kwamba takriban wanane kati ya kumi wako katika ajira isiyo rasmi. Kufunga mlango mmoja rasmi kunaongeza tu idadi ya hao wanane.

Kwenu wakuu wa mashirika ya uwakala nina maneno machache. Mnachukua ada kwa familia, na mara nyingi kwa kijana pia, na katika picha zenu kila mtu anacheka. Basi ile namba ya dharura ipokelewe usiku. Nchini Marekani, kesi iliyofunguliwa Denver mwaka 2014 ikidai kwamba mashirika 15 yaliyoidhinishwa yalipatana kushusha posho za vijana ilimalizwa mwaka 2019 kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 65.5. Fedha hizo zingetosha kuwalipa watu wengi wa kupokea simu.

Ninachoomba, Waheshimiwa, kwanza kabisa ni muda. Mfanyakazi anayelala kwa mwajiri asitolewe nje siku anayoachishwa kazi, isipokuwa pale kuna hatari ya kweli kwa mtu, na hata hapo wakala au serikali iwe na mahali pa kumweka usiku uleule. Mwezi mmoja wa Afrika Kusini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kibali chake kiandikwe kwa kazi ya kulea au kutunza nyumba, kisiandikwe kwa jina la familia, na akiachishwa apate miezi ya kutosha kutafuta familia nyingine, na mtu yeyote aliyelalamika kwa ofisi ya kazi asiondolewe nchini kabla malalamiko yake hayajasikilizwa. Pasipoti na kitambulisho vikae kwake, kama kifungu cha 9 cha Mkataba Na. 189 kinavyosema, na kifungu hichohicho kiheshimiwe pale kinaposema kwamba halazimiki kubaki nyumbani katika siku yake ya mapumziko. Hayo yakifanyika, saa za kazi, malipo ya usiku na makato ya chumba tutavidai wenyewe, kwa kuwa tutakuwa na mahali pa kusimama tukividai. Mwajiri ambaye hakusudii kumtupa mtu nje usiku hapotezi chochote kwa masharti hayo. Familia yangu ya mwisho, ambayo hadi leo naitembelea, iliyatimiza yote bila kuambiwa na yeyote.

Pendekezo Na. 201 linataka pia chumba cha mfanyakazi kiwe chake peke yake, kiwe na hewa, kiwe na kitasa, na ufunguo apewe yeye. Katika nyumba ile ya mwisho ufunguo ulikuwa juu ya mto nilipofika, pamoja na nakala ya mkataba. Wiki ya pili niliombwa nibaki na watoto siku yangu ya mapumziko, nikajibu kwamba siwezi, na mama mwenye nyumba akasema sawa, akampigia dada yake. Nilikuwa katika mwaka wangu wa nne wa kazi hiyo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia mwajiri na kulala usingizi.

Naomba majibu yenu yatolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa, na yaanze na jambo moja: mfanyakazi wa ndani akiachishwa kazi saa tatu ya usiku wa leo, sheria mnazozisimamia zinasema atalala wapi?

Wasalaam,

Aliyekuwa yaya wa kulala kwa waajiri